Ahadi ya Kocha Si Ufadhili

Wazazi wenzangu mlioko Marekani, vijana wetu wanazijua orodha za wachezaji wa kikapu wa sekondari kuliko ratiba ya mitihani. Huyu ana nyota nne, yule kachagua chuo. Siku moja jina ni la mtoto wetu, na shangwe inafika Temeke kabla hatujasoma karatasi yoyote.

Tuelewane. Kijana akitangaza chuo alichochagua, hayo ni maneno. Kocha akisema "nafasi yako ipo", ni maneno pia, na kocha huweza kuhama kesho. Kinachofunga ni mkataba wa ufadhili uliotiwa saini. Tena, vyuo vya Daraja la Tatu la NCAA havitoi kabisa ufadhili wa michezo.

La pili ni darasa. Daraja la Kwanza linataka masomo 16 ya msingi ya sekondari, kwa wastani usiopungua 2.3, na 10 kati ya hayo yamalizike kabla ya mwaka wa mwisho. Anayezinduka mwaka wa mwisho amechelewa.

Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alisoma sekondari Houston, akachezea Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili kuingia NBA. Njia ipo, lakini inapitia darasani.

Nami kama muuguzi naongeza swali: goti likiumia, nani atalipia matibabu, na kwa muda gani? Mwulizeni kocha mapema. Jibu liwe la maandishi.