Kuwazawaza Si Kufikiri



Baada ya mikutano yenu ya Jumamosi, mara nyingi kijana mmoja hubaki nyuma. Hupanga viti vilivyokwisha kupangwa, kisha hunijia na kusema: "Mwalimu, nina mawazo." Kwa miaka mingi nilimjibu kama nilivyojibiwa mimi katika umri wake: "Acha mawazo, mwanangu. Sali." Leo naandika kulikana jibu hilo, na kuwaomba wazee wenzangu waliache.

Kwanza, si jibu la haki. Mawazo ya kijana wa Kolwezi yana baba na mama. Mji wetu unakula kwa shaba na kobalti, lakini bei ya shaba hutajwa London na watu wasioijua Manika wala Dilala. Mwezi wa Februari 2025 Serikali ilisimamisha kupeleka kobalti nje ya nchi ili bei yake ipande. Mwezi wa Oktoba ikaleta utaratibu wa mgao. Huenda uamuzi huo ni mwema kwa taifa, lakini kwa nyumba inayoishi kwa gunia la mawe, kila usiku wa miezi ile ulikuwa usiku wa hesabu. Mtaani Kasulo, tangu kobalti ilipogunduliwa chini ya makao ya watu mwaka 2014, wapo waliochimba hata ndani ya nyua zao. Na wazazi wenu hawajaisahau miaka ya 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipoacha kazi katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Aliyelelewa katika historia hiyo akikesha, tusimwambie kwamba anakesha bure.

Pili, si jibu linalofaa. Mwaka 1987 Daniel Wegner, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwaomba watu wasimuwaze dubu mweupe kwa dakika tano, na wagonge kengele kila dubu huyo anapowajia. Kengele zililia. Ajabu zaidi, waliporuhusiwa baadaye kumuwaza, walimuwaza kuliko wale ambao hawakukatazwa tangu mwanzo. Wazo linalofukuzwa kwa nguvu hurudi na ndugu zake. Basi tunapomwambia kijana "acha kuwaza", tunamwongezea mzigo wa pili: sasa anayawaza maisha yake, na pia anawaza kwa nini hawezi kuacha kuwaza.

Lakini msifurahi mapema, maana nina neno na ninyi pia.

Wapo kati yenu wanaojivunia ugonjwa huu. "Mimi ni mtu wa kuwaza sana," husema, kana kwamba ni shahada. Hapa lugha yetu yenyewe imetutega, kwa kuwa neno moja, mawazo, hubeba fikra za mwenye busara na pia mahangaiko ya mwenye huzuni. Tuyatenganishe. Kufikiri kuna mlango wa kutokea: hukusanya habari, huomba shauri, hufikia uamuzi, na hukubali kwamba uamuzi unaweza kukosea. Kuwazawaza hakuna mlango. Mmeona lori lililokwama matopeni wakati wa mvua: dereva anakanyaga mafuta, injini inanguruma, magurudumu yanazunguka, na shimo linazidi kwenda chini. Asiyejua angesema lori lile linafanya kazi kubwa. Hivyo ndivyo alivyo kijana anayerudia saa saba za usiku neno aliloambiwa asubuhi, au ujumbe wa simu uliosomwa bila kujibiwa.

Susan Nolen-Hoeksema, mwanasaikolojia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Yale, alichunguza kwa miaka mingi watu wanaoirudia huzuni yao, sababu zake na matokeo yake, bila kuchukua hatua. Aliona kwamba huzuni ya watu hao hudumu zaidi, na kwamba akili yao hupungukiwa uwezo wa kutatua shida ileile wanayoiwaza. Basi anayedhani kwamba akiwaza usiku mmoja zaidi ataona njia, ajue kwamba usiku huo unamfunga macho.

Nami nilikuwa mmoja wao. Nikiwa mwalimu kijana niliitwa kufundisha katika mji mwingine. Nilipima, nikapima tena, nikaogopa nauli, nikaogopa maneno ya watu. Nilipoandika barua ya kukubali, nafasi ilikuwa imekwisha kupewa mwingine. Miezi ile yote niliiita busara. Leo naiita kwa jina lake: woga uliovaa joho la mwalimu.

Kwa hiyo, kijana aliyepata diploma ya Serikali aliponijia na njia tatu kichwani, chuo, machimbo, au biashara ya mjomba wake, sikumwambia aache mawazo. Nilimpa chaki. Aliandika njia tatu ubaoni, na kando ya kila moja swali moja ambalo mtu aliye hai anaweza kulijibu. Chuo: karo ni kiasi gani, na hulipwa kwa awamu ngapi? Machimbo: waliotangulia wamebaki na nini mkononi baada ya mwaka? Mjomba: je, ananihitaji kweli? Alikuwa amekesha wiki nyingi bila kumwuliza mtu hata mmoja. Maswali mawili yalijibiwa kwa kutembea mchana mmoja. La tatu lilimuumiza, kwa maana mjomba hakumhitaji. Lakini maumivu yale yalikuwa na mwisho, na wasiwasi wake haukuwa nao.

Mfanye vivyo hivyo. Wazo litoeni kichwani mliweke kwenye karatasi au katika sikio la mtu mwaminifu. Litengeeni saa yake kabla ya jua kutua. Likija usiku, liambieni lingoje kesho. Kisha tendeni jambo moja dogo kabla ya kulala. Wala msiudharau mwili. Eliya alipoketi chini ya mti akiomba kufa, malaika hakumhubiria wala hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, ndipo safari ikaendelea. Na anayeungama dhambi ileile mara kumi kwa hofu kwamba haijasamehewa, amkumbuke Mtakatifu Inyasi wa Loyola: huko Manresa, mwaka 1522, wasiwasi wa namna hiyo ulikaribia kumwangamiza, hata akaamua kutoyarudia tena maungamo ya mambo yaliyopita.

Hapo siwezi kunyamaza juu ya wale wanaomwambia mama kwamba mtoto wake akiwaza sana ana pepo, kisha wanataja bei ya kumtoa. Huo ni uchuuzi wa machozi. Mawazo yakimnyima mtu usingizi kwa majuma, yakimwondolea hamu ya chakula, au yakianza kumsemesha habari za kifo, aambie mtu siku ileile, apelekwe kwa mganga wa hospitali. Lubumbashi kuna kituo cha magonjwa ya akili chenye jina la Daktari Joseph Guislain, kinachosimamiwa na Mabruda wa Upendo, ambao ni watawa. Kama sala na dawa zingekuwa maadui, watawa wasingejenga hospitali.

Neno la mwisho ni kwetu wazazi. Sisi ndio tuliowafundisha watoto kuwaza kimya. Kazi zilipokwisha, tuliketi mbele ya nyumba, mkono shavuni, na mtoto akiuliza tukamjibu: "Si mambo ya watoto." Aliona, akajifunza. Sasa akisema ana mawazo, tumwambie: "Keti, nieleze," kisha tunyamaze mpaka amalize.

Nanyi vijana, Jumamosi ijayo kila mmoja aje na karatasi yenye wazo moja linalomkesha, na chini yake jina la mtu atakayekwenda kumwuliza. Wazo si lazima mlisome mbele ya wengine. Jina la mtu, nitawauliza.