SHASHI ISIYONATA

Shashi kavu hunata kwenye kidonda. Mwuguzi asipoilowanisha kwa maji safi wakati wa kuifungua, huing'oa pamoja na nyama changa iliyokwisha kuota, na kidonda huanza upya. Katika zahanati za Newala, juu ya uwanda usio na mto, ambako tangu miaka ya 1950 maji hupandishwa kwa pampu kutoka mabondeni, sharti hilo si dogo hata kidogo.

Mwaka 1962 George Winter wa Uingereza alionyesha, kwa majaribio ya nguruwe, kwamba kidonda chenye unyevu huota ngozi upesi karibu mara mbili kuliko kilichoachwa kikauke. Baadaye vikabuniwa vifuniko vyenye vitundu vidogo mno, vinavyopitisha mvuke, kuzuia vijidudu na kupatana na mwili. Navyo ni ghali.

Lakini shashi ya kawaida iliyopakwa vaselini, ikaokwa ndani ya kopo hadi vijidudu vife, hainati upesi, na vitundu vyake hupitisha usaha. Hospitali ya wilaya yaweza kuitengeneza yenyewe. Wakubwa wa afya wa Masasi na Newala hawana budi kuhakikisha kwamba inafika zahanatini kabla ya kiangazi. Na walimu, ambao huwafunga watoto vidonda kwa chochote kilichopo, wapewe fungu lao.