Reli ya Malaba Inabeba Kila Kitu Isipokuwa Sisi

Malaba ina treni. Ni vile tu wewe huwezi kuipanda.

Kama umekulia hapa mpakani unajua ninachosema. Usiku uko kitandani unaisikia ikipiga honi. Mchana unaiona ikipita polepole na makontena na matenki ya mafuta, watoto wa mtaa wakihesabu mabehewa mpaka wanachoka. Lakini uliza mtu wa rika letu Malaba, Amagoro, Busia ama Bungoma kama ashawahi kupanda treni. Wachache watakuambia ndiyo, mara moja, Nairobi kwenda Mombasa, safari ya shule. Wengine watacheka tu.

Tumezoea hadi hatuoni kuna shida. Mimi naona shida, na naisema sasa kwa sababu kila mtu hapa anaongea juu ya SGR kuja Malaba, na sisikii mtu akiuliza swali moja rahisi: itabeba nani?

Kwanza tuwekane sawa kuhusu historia, maana kuna wasee wanadhani reli ya hapa ilijengwa kwa ajili ya mizigo peke yake. Reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu 1901. Baadaye wakatoa laini nyingine kutoka Nakuru. Eldoret ilifikiwa 1924, kisha ikateremka Turbo, Webuye, Bungoma, ikavuka hapa kwetu kuingia Tororo, na kufikia 1931 ilikuwa Kampala. Kwa miaka mingi mtu alikuwa anaweza kupanda treni Kampala na kushukia Mombasa. Kulikuwa na daraja la kwanza, la pili na la tatu. Kama babu yako yuko hai, muulize kuhusu hilo daraja la tatu. Atakupa stori mpaka uchoke.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ikavunjika 1977, kila nchi ikabaki na kipande chake cha reli. Huduma ya abiria ikazorota, mabasi yakachukua watu. Mwaka 2006 reli za Kenya na Uganda zikakodishwa kwa kampuni moja, Rift Valley Railways, na mwaka 2017 huo mkataba ukaisha kwa kuvunjwa. Muda wote huo, mizigo haikukosa njia ya kupita Malaba. Aliyeshushwa njiani ni abiria, na hakuna mtu alikuja kumpandisha tena.

Sasa niwaambie kwa nini hii maneno imenikaa kwa roho.

Sistangu ana miaka 19, amemaliza kidato cha nne. Siku moja akaniambia anataka twende Tororo kuona hekalu la Wahindi. Shuleni alisoma historia ya reli, akasoma habari ya Wahindi walioletwa kuijenga, na swali lake lilikuwa dogo tu: hawa watu walikuwa wanaomba wapi? Tororo haifiki kilomita 20 kutoka Malaba. Ule mlima wake wa mawe unauona ukiwa huku Kenya. Sistangu ameuona maisha yake yote na hajawahi kufika chini yake.

Halafu akaongeza: "Bro, si twende na treni? Reli si inaenda huko?"

Nikamwambia reli inaenda, treni pia inaenda, sisi ndio hatuendi.

Kwa hivyo tukaenda vile kila mtu huenda. Boda mpaka mpakani. Tukapita katikati ya malori, tukaonyesha vitambulisho, tukatembea, tukawakwepa wale wa kubadilisha pesa wakitupungia manoti. Upande wa pili tukaingia matatu, ambayo Waganda huita teksi, tukangoja ijae. Ikajaa, halafu ikajaa tena. Reli inaelekea mji ule ule. Sistangu hakusema kitu, lakini nilimwona akichungulia dirishani kila mara kama ataiona.

Hekaluni tulivua viatu mlangoni. Mzee anayelitunza akatukaribisha kwa Kiswahili, akatuita watoto wangu, akatuonyesha kengele ya kugonga ukiingia. Harufu ya ubani, maua, Ganesh na kichwa chake cha ndovu. Nikamwuliza kama naweza kupiga video ndani, akasema hapana, simu ikarudi mfukoni. Tukaketi chini. Tukapewa vitu vitamu vya kula. Sistangu aliuliza maswali hadi mzee akawa anacheka. Hakuna mtu alitubadilisha dini. Hakuna shetani alitufuata nyumbani, kama jirani mmoja alivyokuwa ametuonya. Mathe mwenyewe tuliporudi alitaka kujua kitu kimoja tu: walitupa chakula gani?

Kilichonigusa zaidi ni vile hilo hekalu na ile reli ni stori moja.

Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta zaidi ya vibarua 31,000 kutoka India kujenga reli ya Mombasa hadi Kisumu. Kulikuwa na Wahindu, Waislamu na Masinga. Karibu 2,500 walikufa kazini. Wengi walirudi kwao mikataba ilipoisha, wachache wakabaki. Wengine wakaja baadaye kwa pesa zao wenyewe kufungua maduka, na maduka yakafuata stesheni: reli ikifika mahali, duka linafika, halafu shule, halafu nyumba ya ibada. Angalia miji ya laini yote hii na utaona majengo ya zamani ya Wahindi karibu na stesheni. Wahindi wa Tororo hawakushuka kutoka mbinguni.

Halafu Agosti 1972 Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Wengi walitokea Entebbe kwa ndege. Wengine walipakiwa kwenye treni ya Kampala kwenda Mombasa, wakapande meli huko. Hiyo treni ilipitia hapa. Ilipita Tororo, ikavuka Malaba, ikashika njia ya Bungoma, imejaa watu walioacha nyumba na maduka na makaburi ya wazazi wao. Watu wa mji huu waliiona ikipita. Miaka ya tisini Museveni aliwaruhusu kurudi kudai mali zao, wengine wakarudi.

Mimi nimekulia kwa hiyo reli na hakuna mtu alinisimulia hiyo kitu. Nimeijua nikiwa mtu mzima, nikisoma kwa simu. Unajua kwa nini? Kwa sababu sisi wa mpakani tunavuka kwa sababu moja tu, pesa. Tunavuka kuuza, kununua, kubadilisha, kuleta mahindi, mayai, mafuta. Mtu akivuka bila mzigo anaulizwa anaficha nini. Safari ya kwenda tu kuona, na mdogo wako, halafu mrudi jioni, inaonekana kama mambo ya watu wa Nairobi. Hiyo tabia imetokana na usafiri wenyewe. Ukiwa na treni ya asubuhi na ya jioni, yenye ratiba na nauli inayojulikana, mtoto wa shule anaweza kwenda Tororo na kurudi. Mwalimu anaweza kupeleka darasa lote. Nyanya anaweza kwenda kuona dada yake aliyeolewa upande ule, maana Wateso na Wasamia wako pande zote mbili na mpaka uliwakuta hapa. Ukiwa na boda na teksi ya kujaa peke yake, unaenda tu ukiwa na sababu ya kukurudishia ile nauli.

Najua majibu ya kawaida. Tuyachukue moja moja.

Wanasema hakuna abiria wa kutosha. Hii naisikia nikiwa katika kaunti ambako neno bodaboda lilizaliwa. Ilianza na vijana wa baiskeli pale Busia, wakibeba watu kutoka mpaka huu hadi mpaka ule, boda hadi boda, kwa sababu kati ya vituo viwili hakukuwa na gari. Leo neno hilo linajulikana Afrika Mashariki yote. Watu wa hapa walikuwa na haja ya kusafiri hadi wakabuni usafiri wao wenyewe. Mtu akisema hatuna abiria, aje asimame hapa siku ya soko.

Wanasema mpaka utaleta matatizo. Matatizo gani? Tangu 2014 Mkenya anaingia Uganda kwa kitambulisho. Malaba na Busia zina kituo kimoja cha mpakani ambapo maafisa wa nchi mbili wanafanya kazi pamoja. Hicho cha Busia kilifunguliwa na marais wawili mwaka 2018, picha zikapigwa. Kama tumeweza kukagua foleni za malori usiku na mchana, tunaweza kukagua mabehewa matatu ya abiria.

Wanasema pesa hakuna. Mwaka 2020 treni ya abiria ya Nanyuki ilirudi. Mwaka 2021 ya Kisumu ikarudi, baada ya kilomita 217 za reli ya zamani kutoka Nakuru kurekebishwa. Hiyo ni reli ya aina ile ile tuliyo nayo sisi, ya upana wa mita moja. Nairobi nayo ililetewa treni ndogo za abiria zilizotumika tayari kisiwani Mallorca, Uhispania, zikatengenezwa, zikaanza kubeba watu wa kazi asubuhi na jioni. Nazo ni za upana wa mita moja. Kampala ilirudisha treni ya abiria kwenda Namanve mwaka 2015. Kwa hivyo ujuzi upo, treni za aina hiyo zipo, reli ipo. Haijawahi kuamuliwa tu kwamba watu wa Bungoma, Malaba na Tororo wanastahili.

Wengine wanasema, "Ngojeni SGR." Hapa ndipo nakasirika kabisa. Mpango ni SGR itoke Naivasha, ipite Kisumu, ifike Malaba. Uganda nayo ilisaini mkataba na kampuni ya Uturuki, Yapi Merkezi, Oktoba 2024, kujenga kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala. Sikiliza vile wakubwa wanaiongelea: bandari, makontena, gharama ya mizigo, ushindani. Malaba kwao ni mahali pa kuunganisha reli mbili. Sijasikia mtu akisema Malaba ni mahali ambapo watu wanaishi. Na hata kama watatuwekea treni ya abiria, itakuwa ya kwenda Nairobi, ya mwendo kasi, na stesheni yenye huenda ikajengwa mbali na mji. Ni sawa, iletwe. Lakini haitampeleka sistangu Tororo na kumrudisha kabla giza halijaingia. Ile reli ya zamani inaweza, na ninachoogopa ni kwamba siku ile mpya ikifika, ya zamani itaachwa iote nyasi halafu tuambiwe tushukuru.

Tanzania walipozindua SGR yao Juni 2024, walianza na abiria, Dar es Salaam hadi Morogoro. Walianza na watu. Inawezekana.

Na kwa ndugu zangu wa boda kabla hamjanitukana: stesheni haiui boda. Abiria akishuka kwa treni bado ako na kilomita mbili tatu za kufika kwake. Busia haina reli upande wa Kenya, kwa hivyo mtu wa Busia atahitaji gari mpaka Malaba kwanza. Kazi itakuwepo. Itakayopungua ni ile ya kubeba watu wanne na mtoto kwa pikipiki moja katikati ya malori, na hiyo tunajua inaishia wapi. Sote tumeshazika mtu.

Ninachotaka ni kidogo. Treni moja ndogo, asubuhi na jioni, Bungoma hadi Malaba hadi Tororo, kwa reli ambayo tayari iko. Ijaribiwe mwaka mmoja. Ikikosa watu, nitanyamaza.

Lakini haitaletwa na mtu yeyote kama tutaendelea kuhesabu mabehewa kama watoto. SGR ikija, sheria inataka umma uulizwe maoni. Hivyo vikao hujaa wazee na watu wa kulipwa fidia ya mashamba, na ni haki yao. Sisi vijana huwa hatuendi. Safari hii twende. Mwakilishi wa wadi akisimama kusema vile mradi utaleta maendeleo, mtu wa miaka 19 ainue mkono aulize: treni ya abiria ya Malaba kwenda Tororo inaanza lini, na nauli ni ngapi? Akijibiwa habari ya makontena, aulize tena. Na mwingine nyuma yake aulize hilo hilo. Mimi nitakuwa kwa hicho kikao, na sistangu ameshasema hataniacha niongee peke yangu.