Duma Si Pambo la Kitajiri



Baada ya sala ya Ijumaa hapa Mafubira, kijana mmoja alituonyesha picha kwenye simu. Kakake anafanya kazi Ghuba, na pichani amechuchumaa kando ya duma mwenye ukanda shingoni, nyuma yao gari la kifahari. Vijana wakashangilia. Mmoja akasema, "Mali ni raha!" Mimi nilinyamaza, na kunyamaza kule kumenisumbua hadi leo.

Ndugu zangu, duma wengi wa namna ile hawakuzaliwa kwenye majumba hayo. Huibwa wangali wachanga katika Ethiopia, Somalia na Somaliland, wakavushwa kwa mashua kupitia Ghuba ya Aden hadi Yemen, kisha wakapelekwa kwa wanunuzi. Hutiwa ndani ya makasha, hupewa maziwa yasiyowafaa, na wengi hufa njiani. Shirika la Cheetah Conservation Fund, alilolianzisha Laurie Marker nchini Namibia mwaka 1990, lilikadiria kuwa watoto wapatao 300 huibwa kila mwaka kutoka Pembe ya Afrika. Na duma wote waliobaki porini duniani hawafiki 8,000. Fanyeni hesabu wenyewe.

Nitajibiwa: tajiri anampenda, anamlisha nyama kila siku. Sote tunaijua hadithi ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka. Alimfunga, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie. Basi husemwa kosa lake lilikuwa njaa, na duma wa tajiri hana njaa. Mimi si mwanachuoni, na najua wanazuoni wameruhusu kufuga ndege tunduni maadamu analishwa. Lakini ili huyu mmoja afike akiwa hai, nduguze wamekufa kwa njaa na kiu ndani ya kasha. Hao nao ni nani aliyewafunga? Mwizi peke yake, au na yule aliyetoa fedha?

Wengine husema, si wapo waokoaji? Wapo, na Allah awalipe. Huko Geed-Deeble, nje ya Hargeisa, wanatunzwa duma zaidi ya 80 waliokamatwa mikononi mwa walanguzi. Ila mtoto wa duma hujifunza kuwinda kwa mama yake kwa muda wa karibu mwaka mmoja na nusu. Aliyeporwa mapema hakujifunza, na akirudishwa porini hatadumu. Kwa hiyo atalishwa na binadamu mpaka afe. Kuokolewa kwake ni kuhamishwa kutoka kifungo kibaya kwenda kifungo chenye huruma.

Sheria hazikukosekana. Umoja wa Falme za Kiarabu ulipiga marufuku watu binafsi kumiliki wanyama hatari kwa sheria ya mwaka 2016. Sheria yetu ya wanyamapori ya 2019 inafika hadi kifungo cha maisha.

Wala tusiwalaumu Waarabu peke yao, maana hilo nalo limekuwa tamu midomoni mwetu. Aprili 2018, simba 11, wanane wao watoto, waliuawa kwa sumu karibu na Hamukungu, katika Hifadhi ya Queen Elizabeth. Machi 2021, huko Ishasha, wakaonekana sita wamekufa, vichwa na makucha yamekatwa. Hapo hapakuwa na tajiri wa Ghuba wala gari la kifahari.

Wazazi, mtoto akikuonyesha picha kama ile, usitabasamu tu. Muulize mama wa duma huyo yuko wapi.

Ijumaa iliyofuata nilimweleza yule kijana haya yote. Picha hakuifuta. Alisema kakake ndiye anayemlisha yule duma, na kwamba usiku hulia kwa sauti nyembamba, kama kifaranga cha ndege.