Jino la mtoto lipimwe kabla halijatoboka

Mzazi wa Mpanda anapompeleka mtoto kwa daktari wa meno, mara nyingi huwa ni baada ya usiku wa pili au wa tatu bila usingizi. Shavu limevimba, vidonge vya maumivu vimeisha, karafuu imeshasagwa na kuwekwa. Daktari akichungulia anakuta shimo limefika ndani, na kilichobaki ni sindano ya ganzi na koleo. Jino linatoka, maumivu yanakwisha, na nyumbani watu wanasema mdudu ametolewa.

Hakuna mdudu, ndugu msomaji. Na jino hilo halikuanza kuumwa juzi. Liliharibika kimya kimya kwa miezi, pengine kwa miaka, na ni katika kipindi hicho cha ukimya tu ndipo lingeweza kupona bila kuchimbwa wala kuzibwa.

Tabaka la nje la jino, linaloitwa enameli, ni gumu kuliko mfupa. Limejengwa kwa madini, hasa kalsiamu na fosfeti. Mtoto akinywa chai yenye sukari au soda, bakteria walioko kwenye utando wa meno huigeuza sukari hiyo kuwa asidi, na asidi huchomoa madini kwenye enameli. Mate yakipata muda, nusu saa hadi saa moja hivi, huiondoa asidi na madini huanza kurudi. Ni kama daftari la mkopo la duka la mtaani: kinachotoka leo kikirudi kesho, duka linaendelea. Mtoto anayekunywa soda moja kwa kuionja-onja kuanzia saa nne hadi saa nane mchana halipi kitu. Anakopa mfululizo.

Deni likizidi, jino halitoboki siku hiyo. Kwanza linaota doa jeupe lisilong'aa, kama chaki, mara nyingi karibu na fizi. Juu bado ni zima, lakini chini yake madini yamepungua. Halina maumivu. Hapo ndipo jino bado linarudi.

Maabara zina namna ya kulipima doa hilo. Zamani, mtafiti aliyetaka kujua kama dawa fulani ya meno inarudisha madini alilazimika kulikata jino vipande vyembamba na kuvipiga eksirei. Alipata jibu zuri, ila jino limeshakatwa, na haliwezi kupimwa tena baada ya miezi mitatu kuona kama limepona. Kuanzia miaka ya 1980, watafiti wa Sweden na Uholanzi walitengeneza njia ya kupima kwa mwanga bila kuligusa jino kwa msumeno.

Kama umewahi kuona ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia, umeshaona jambo lenyewe: kuna vitu ambavyo, vikipigwa mwanga wa aina hiyo, hutoa mwanga wao wa rangi nyingine. Jino nalo hufanya hivyo. Likimulikwa kwa mwanga wa buluu na kutazamwa kwa kamera yenye kichujio maalumu, jino zima hung'aa rangi ya kijani. Palipopotea madini, mwanga hutawanyika na pale huonekana peusi kuliko pembeni. Kompyuta hulinganisha doa na sehemu nzima iliyo jirani na kutoa asilimia ya mng'ao uliopotea. Utando wa siku nyingi wenye bakteria hujitokeza kwa rangi nyekundu. (Tafadhali usimmulike mtoto kwa taa ya noti nyumbani. Huna kichujio wala kamera ya kazi hiyo, na utamuumiza macho.)

Nguvu ya kifaa hiki iko katika kupima mara ya pili. Namba ya leo pekee haisemi mengi. Namba ya leo ikilinganishwa na ya miezi mitatu iliyopita ndiyo inayoonyesha kama jino linapona au linazama. Nacho hudanganyika: doa la chai, mate, uchafu, hata madoa ya floridi huweza kuonekana meusi vilevile. Familia zilizohamia Katavi kutoka Shinyanga, Singida au Arusha zinayajua madoa hayo, kwa kuwa baadhi ya maeneo ya huko maji yake yana floridi nyingi. Hayo kwa kawaida hutokea kwenye meno ya pande zote mbili kwa kufanana, na si kuoza. Kifaa hakijui tofauti hiyo. Daktari ndiye anayeijua.

Je, nadai mashine hii iletwe Mpanda? Hapana, si sasa. Najua jibu hili litawaudhi wanaosema mkoa wetu, tangu ulipoanzishwa mwaka 2012, umezoea kuambiwa usubiri. Malalamiko hayo yana haki. Lakini mashine moja mjini Mpanda itamsaidia mtoto wa Makanyagio, si wa Karema wala wa Mishamo. Na hata huyo wa Makanyagio, atapimwa na nani kama hakuna anayempeleka mpaka avimbe shavu?

Ninachodai ni kidogo zaidi, na kwa hiyo hatuna kisingizio. Mtoto anapelekwa kliniki, anapimwa uzito, uzito unaandikwa kwenye kadi, na mwezi unaofuata mstari unalinganishwa. Huo ndio utaratibu uleule wa maabara: pima, andika, pima tena. Basi muuguzi amuinue mtoto mdomo wa juu, ayafute meno ya mbele kwa pamba au shashi yakauke, ayatazame penye mwanga wa dirisha, na aandike: safi, doa jeupe, au shimo. Haifiki dakika mbili. Jino likikauka, doa jeupe hujitokeza zaidi, na zahanati yoyote inaweza kufanya hivyo. Kama mhudumu hakufanya, muombe kwa adabu. Ni haki yako.

Kuna umri mmoja ambao nakusihi uuandike ukutani: miaka sita. Hapo gego la kwanza la kudumu huota nyuma kabisa ya meno ya utoto. Kwa kuwa halikusubiri jino lolote ling'oke, wazazi wengi hudhani nalo ni la utoto, litatoka lenyewe. Halitoki. Likioza na kung'olewa darasa la tatu, hakuna lingine litakalokuja.

Ukiliona doa jeupe, tumia dawa ya meno yenye floridi, mara mbili kwa siku, na moja iwe kabla ya kulala. Soma kwenye boksi: floridi iwe angalau 1000 ppm. Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa ya namna hiyo kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021, kwa hiyo usiihesabu kuwa kipodozi. Chini ya miaka mitatu weka kiasi cha punje ya mchele, na miaka mitatu hadi sita kiasi cha njegere moja. Mtoto ateme, asisukutue kwa maji mengi. Anayetumia mswaki wa mti aendelee, lakini aupake dawa hiyo, maana mti unasugua tu. Sukari ibaki wakati wa mlo. Na asali yetu ya Inyonga, pamoja na sifa zake zote, kwenye jino ni sukari. Usiipake kwenye chuchu ya chupa, na mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa, kwa sababu nyingine ya hatari zaidi, ya sumu ya bakteria.

Ukiwa na simu, piga picha ya meno hayo yakiwa makavu, mchana, karibu na dirisha. Baada ya miezi mitatu piga nyingine mahali palepale, saa ileile. Haitakupa asilimia. Lakini ukienda nazo zote mbili kwa daktari wa meno, atakuwa na cha kulinganisha, na mtoto wako atakuwa ameingia kwenye chumba kile bila kuumwa.