Tarumbeta jipya si sufuria



Tangu mwaka wa masomo uanze, watoto wengi wa mitaa yetu ya Lubumbashi wameingia fanfari. Wengine wanapiga masomoni, wengine kanisani. Wakimbangu na Jeshi la Wokovu wana desturi hiyo tangu zamani hapa Congo, na siku hizi makanisa mengine pia yanapenda kusikia tarumbeta siku ya Mungu. Basi kuna nyumba ambamo zamu ya mama ya likelemba haikununua kitenge wala sahani, ilinunua tarumbeta. Feza hiyo ilitoka katika vitumbula vya saa kumi na moja ya asubuhi na katika makala yanayouzwa kwa kirundo kidogo kidogo. Hatutaki ipotee kwa sababu ya ndimu moja.

Ndiyo, ndimu. Tumeona jambo hili katika nyumba zaidi ya moja. Tarumbeta linafika linang'aa, miezi miwili inapita, alama za vidole zinaonekana. Mama mwenye kupenda usafi anachukua majivu, ndimu na mchanga laini, anasugua kama anavyosugua sufuria. Jioni ile tarumbeta linawaka kuliko siku ya kwanza, majirani wanasifu. Kisha majuma machache tu, madoa ya kahawia yanaanza, mengine yanakuwa meusi, na kila juma mama anapaswa kusugua tena. Mtoto anaona haya mbele ya wenzake, naye mama anasema alidanganywa katika butike. Hakudanganywa.

Tuelezane kwanza kitu hiki kimetengenezwa na nini. Tarumbeta linafanywa na letoni, ni kusema shaba iliyochanganywa na zinki. Katika letoni ya manjano ya kawaida, shaba ni karibu sehemu 70 kwa 100, na zinki karibu 30. Sisi watu wa Katanga hatuhitaji kwenda mbali ili kuyaelewa hayo: jimbo letu lenyewe liliitwa Shaba tangu 1971 mpaka 1997, na zinki inachimbwa hapa karibu, Kipushi, ambako mgodi ulisimama 1993 na kuanza tena kutoa mwaka 2024. Letoni ikiachwa wazi inachakaa rangi upesi, kwa jasho, kwa unyevu, kwa hewa tu. Kwa hiyo mafundi wanaipaka verni isiyo na rangi, au yenye rangi ya dhahabu kidogo. Verni hiyo ni nyembamba kuliko karatasi ya daftari. Kile unachokiona kinang'aa ni letoni iliyo chini ya verni, kama picha chini ya kioo. Ukisugua kwa mchanga na majivu, unakwangua kioo. Ukitia ndimu au siki, asidi inaingia katika kila mkwaruzo. Na ile dawa ya kung'arisha shaba inayouzwa sokoni katika makopo ni vilevile: ni nzuri kwa kinara cha kanisa kisicho na verni, lakini kwa tarumbeta lenye verni ni adui.

Sufuria inaheshimiwa kwa kusuguliwa. Tarumbeta lenye verni linaheshimiwa kwa kupanguswa.

Lakini si matarumbeta yote yana verni. Kama rangi ni nyeupe, laini, yenye joto kidogo, pengine ni feza iliyopakwa juu ya letoni. Feza nayo inakuwa nyeusi, si kwa uchafu wa mtoto, ni kwa sababu ya salfa iliyo katika hewa na katika moshi, hata katika mpira. Kwa hiyo usifunge tarumbeta la feza kwa kamba ya mpira, wala usiliache karibu na mbabula. Hilo linapanguswa kwa kitambaa maalum cha feza, tena mara chache, sababu feza iliyopakwa ni nyembamba na kila kung'arisha kunaondoa kidogo. Usitumie kitambaa hicho hicho kwa tarumbeta lenye verni. Kina dawa ndani yake. Nyeupe ngumu kama ya bomba la maji, hiyo pengine ni nikeli. Nikeli haisumbui sana, ila kuna watoto ambao ngozi yao haiipendi: mtoto akitoka vipele mdomoni au mkononi, angalia hapo kwanza kabla ya kutafuta mchawi.

Sasa vitu vya kununua pamoja na tarumbeta. Katika butike watakuonyesha vingi. Feza ikiwa kidogo, sisi tunashauri mafuta ya pistoni yatangulie mbele ya vyote. Pistoni ni vile vitatu vinavyoshuka na kupanda chini ya vidole. Bila mafuta yake mepesi, zinakwama, mtoto anazilazimisha, zinakwaruzika, na hapo fundi atadai feza kuliko chupa kumi. Usitie mawese, usitie mafuta ya kupikia, hata tone moja. Yanaganda, yananuka. Mafuta ya cherehani nayo ni mazito kupita kiasi. Matone matatu au manne kwa kila pistoni, kabla ya kupiga, yanatosha; tarumbeta likiwa jipya kabisa tia zaidi kidogo siku za kwanza, sababu vumbi la kiwanda bado linatoka. Na pistoni zina namba, 1, 2, 3. Ukizichanganya, mtoto atapuliza mpaka macho yatoke, hewa haitapita, na nyumba nzima itadhani tarumbeta limekufa.

Pamoja na mafuta, nunua grisi kwa yale mabomba mafupi yanayochomolewa, ambayo mafundi wanayaita kulisi. Grisi ikikosekana, vazelini safi itasaidia kwa muda. Kisha brashi ndogo ya ambushuri, ile sehemu ya kutia mdomoni, na brashi ndefu inayopinda ya kupitisha ndani ya mabomba. Kitambaa si lazima ununue: fulana ya pamba iliyozeeka, iliyofuliwa vizuri, bila kifungo wala zipu, inafanya kazi hiyo bila kukwaruza. Mtoto apanguse kila mara anapomaliza kupiga, kabla ya kufunga sanduku, hasa pale mikono iliposhika. Hapa kwetu, wakati wa kiangazi, apulize vumbi jekundu kwanza au alikung'ute kwa upole. Vumbi letu ni mchanga. Ukipangusa juu yake kwa nguvu, umerudi kwenye kusugua sufuria.

Watauza pia kifuko cha ngozi cha kufungia katikati, mahali mkono unaposhika, ili jasho lisile verni. Ni kizuri, lakini wengi hawaambiwi sehemu ya pili: jasho linaweza kujificha chini yake. Kisipofunguliwa kila juma na kupanguswa, utakuta verni imeondoka hapo hapo palipolindwa. Kwa mtoto msahaulifu, afadhali asiwe nacho. Sirdini za kupunguza sauti zinaweza kungoja mpaka mwalimu wa fanfari azidai (majirani watavumilia). Pupitri ya kuwekea karatasi, kiti na kibao vinafanya kazi yake.

Juu ya ambushuri, usiache muuzaji akuchagulie kubwa kwa sababu inaonekana ya maana. Kwa mtoto anayeanza, waalimu wengi wanatumia ile yenye alama 7C. Alama hizo hazilingani kwa kila kiwanda, kwa hiyo chukua mwalimu au andika alama anayotaka. Na kila mtoto awe na yake. Tarumbeta moja linaweza kushirikiwa na watoto wawili wa nyumba moja, ambushuri hapana, hasa wakati wa mafua.

Sanduku nalo litazame kabla ya kulipa. Tarumbeta likitikisika ndani, litapata mibonyeo hata kama mtoto ni mtulivu. Funga na ufungue vishikio mara kadhaa pale pale butike. Jaribu pia pistoni zote, chomoa kila kulisi: isiyotoka leo haitatoka kesho. Nyumbani, vitabu vya nota visiwekwe ndani juu ya tarumbeta, maana kifuniko kikifungwa kinavisukuma juu ya pistoni. Na sanduku lisiachwe juani au ndani ya gari lililofungwa.

Kuosha kwa maji kunatosha mara moja kwa mwezi au miezi miwili, na hapo tuwe waangalifu. Maji yawe vuguvugu, kama yale ya kuogesha mtoto mchanga. Maji ya moto yanaweza kuondoa verni vipande vipande, na hakuna dawa ya kuirudisha nyumbani. Tandika taulo ndani ya beseni. Toa pistoni, ziweke kando kwa utaratibu wa namba zake, na vile vitambaa vya sufu vilivyo chini ya vifuniko visilowe. Sabuni kidogo ya vyombo, brashi ndefu ndani ya mabomba, suuza, pangusa, acha likauke, kisha grisi, kisha mafuta. Ambushuri ioshwe kila juma.

Kuna ugonjwa mmoja unaoanzia ndani, nao haufichiki kwa kung'arisha. Mtoto akila vitumbula au akinywa kinywaji cha sukari kisha akapuliza, sukari na mate vinakaa katika bomba la kwanza, lile linaloanzia kwenye ambushuri. Polepole zinki inatoka katika letoni, inabaki shaba tupu, dhaifu. Nje unaona vidoa vya rangi ya waridi, na katikati ya kidoa nukta yenye giza. Siku moja bomba linatoboka. Kwa hiyo chupa ya maji ya kusukutua mdomo iingie katika mfuko wa mtoto pamoja na daftari ya nota. Kati ya vyote tulivyotaja, ndiyo isiyohitaji hata franka moja.

Ambushuri ikikwama, msiite kaka mwenye koleo. Koleo linakunja bomba lile lile la kwanza. Kuna chombo kidogo cha mafundi cha kuivuta, na chama chetu kinaweza kununua kimoja kwa ajili ya familia zote zenye matarumbeta. Tutalileta jambo hilo katika mkutano ujao. Mama ambaye la mtoto wake limekwama sasa hivi, aliache hivyo hivyo katika sanduku lake na aje nalo.