Mtoto akifungiwa lopitali ya Ulaya

Juma hili mama mmoja wa kikundi chetu, hapa komini Kenya, alitufikia na machozi. Polisi ya Ubelgiji ilimpeleka kijana wake kwa nguvu katika lopitali ya wagonjwa wa akili. Jamaa walimwambia: «Ni kwa sababu ni mweusi.»

Hatusemi ni uongo. Kule Uingereza, hesabu za serikali zinaonyesha weusi wanalazwa kwa nguvu zaidi ya mara 3 kuliko weupe. Na munganga asiyejua desturi yetu, akisikia mtu anaomba usiku kwa sauti kubwa, anaweza kuandika: wazimu. (Hapa Kenya tungeandikwa wangapi!)

Lakini Ubelgiji iko na sheria ya tarehe 26/6/1990. Zuzi wa amani ndiye anaamua. Kukiwa haraka, parke inaanza, zuzi anafuata. Uchunguzi wa kwanza haupiti siku 40. Mgonjwa ana avoka, na anaweza kuchagua mtu wake wa kumsimamia.

Tukamwuliza mama: aliwahi kugonjwa hivi? Akanyamaza sana. Halafu: «Ndiyo, mwaka wa mwisho wa shule. Jamaa za kule hawajui.» Haya! Dawa iliyomsaidia, maombi aliyozoea tangu utoto, ndiyo munganga na zuzi wanahitaji kusikia, na aibu ilikuwa imeyafungia nyumbani.

Jana jioni tulimwandikia yote kwa Kifaransa, karatasi moja. Ameituma kwa avoka kwa simu. Tunangoja jibu pamoja naye.